Pampu ya Ngama: Lita za Kwenye Boksi na Lita za Baharini

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Tuanze na boksi hili lililo mezani. Limeandikwa 1100 GPH, yaani galoni 1,100 za Kimarekani kwa saa, kama lita 4,160. Mnunuzi husoma hapo, akalipa, akaenda zake akiamini kila saa lita 4,160 zitatoka kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika. Hazitatoka. Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa pampu ikipewa volti 13.6, bila kupandisha maji hata sentimita moja, na bila mpira wa kuyapitisha. Ndani ya boti maji hupanda mita moja au zaidi, hupita kwenye mpira wenye kona, na betri isiyochajiwa wakati huo hutoa volti 12 na kitu. Ukipata nusu ya ile namba, umefunga vizuri.

Sasa linganisheni na maji yanayoingia. Tundu la milimita 25, tuseme mpira umechomoka kwenye kiungo kilicho sentimita 30 chini ya mstari wa maji. Maji huingia kwa kasi ya mita 2.4 hivi kwa sekunde. Kama kingo za tundu ni kali, hupita takriban lita 2,600 kwa saa. Kama mdomo wake ni laini, yanakaribia 4,000. Pampu yetu inatoa 2,000. Maana yake, hata katika hali nafuu, boti inaongezeka lita 10 kila dakika huku pampu ikinguruma vizuri kabisa. Kipenyo cha tundu kikizidi mara mbili, maji huzidi mara nne. Kwa hiyo pampu ya boti ndogo haishindani na tundu. Inakununulia dakika za kulitafuta na kuliziba. Ndiyo maana nashauri pampu mbili: ndogo ya chini kabisa kwa maji ya mvua na ya kuvuja kidogo kidogo, na kubwa, galoni 2,000 kwenda juu, iliyoinuliwa sentimita 10 hivi juu ya ile ya kwanza na kuunganishwa na king'ora. Kubwa ikiwaka, kila aliyemo ajue kuna jambo.

Aina ziko mbili za kuzingatia. Ya impela, yaani pangaboi dogo linalozunguka na kusukuma maji, hukaa ndani ya maji, ni ya bei nafuu, hutoa maji mengi na hupitisha uchafu mdogo bila kulalamika. Udhaifu wake ni kwamba haivuti hewa: isipozama haifanyi kazi, na daima huacha maji kidogo chini. Ya kiwambo, yaani utando unaokwenda na kurudi, huweza kuwekwa juu, mahali pakavu, ikavuta maji kwa mpira, na hustahimili kukimbia bila maji kwa muda. Lakini kipande cha gome au plastiki kikikwama kwenye valvu zake, haivuti tena, hivyo kichujio kwenye mdomo wa mpira ni lazima. Kwa boti ndogo yenye ngama pana na ya kina kifupi, ya kiwambo hukausha vizuri zaidi. Kwa kutoa maji mengi haraka, chagua ya impela.

Mahali pa kuifunga ni pale maji yanapokusanyika boti ikiwa imetulia na mizigo yake, mara nyingi karibu na tezi, yaani nyuma ya boti. Mwaga ndoo mbili za maji, tazama yanakimbilia wapi, ndipo upime. Angalia pia vitundu vya kupitishia maji kwenye mataruma, yaani mbavu za boti. Vikizibwa na taka, maji hubaki omo, yaani mbele, na pampu iko tezi, kavu. Vyumba vilivyotengwa kwa ukuta usiopitisha maji, kila kimoja kiwe na pampu yake. Usitoboe mwili wa boti kwa skrubu. Gundisha kibao au kipande cha plastiki ngumu kwa epoksi, kisha funga kitako cha pampu juu yake kwa skrubu fupi za chuma cha pua zisizofika chini. Na hakikisha mkono unafika: pampu usiyoweza kuichomoa na kutoa nywele zilizojizungusha kwenye impela haitasafishwa kamwe.

Tufike kwenye mpira, maana hapa ndipo lita nyingi hupotea. Ule wenye mikunjo ndani ni rahisi kupinda, lakini kila mkunjo huzuia maji. Tumia ulio laini ndani, wenye kuta ngumu. Usipunguze kipenyo: pampu yenye mdomo wa milimita 28 ipewe mpira wa 28 hadi nje. Mpira upande juu moja kwa moja tangu kwenye pampu, usishuke kisha ukapanda tena, kwa sababu maji yanayobaki kwenye bonde hufungia hewa kwenye impela, na pampu huzunguka bila kutoa kitu. Mtu atasema imekufa, kumbe imeshika hewa. Tundu la kutokea liwe juu, angalau sentimita 30 kutoka mstari wa maji boti ikiwa imesheheni. Kama boti ni ya tanga, pima ikiwa imelala upande. Likizama, maji ya bahari yatarudi kwa mnyonyo na kuijaza boti kupitia kifaa kilekile ulichokinunua kuyatoa. Pasipo njia ya kuliweka juu, weka kitanzi chenye valvu ya kuingiza hewa kileleni, pamoja na valvu ya kufunga mwilini mwa boti. Pampu mbili zisishiriki mpira mmoja. Moja itasukumia maji ngamani kupitia nyingine.

Swali linaloulizwa sana: je, tuweke valvu ya njia moja ili maji ya mpirani yasirudi? Kwa pampu ya impela, hapana. Valvu hiyo hukwama kwa taka, na uzito wa maji yaliyo juu yake huifanya pampu ishindwe kuanza. Badala yake, piga hesabu. Mpira wa milimita 28 wenye urefu wa mita 2 hubeba lita 1.2, wa milimita 38 hubeba lita 2.3. Pampu ikizima, hayo hurudi. Ngama ikiwa nyembamba, lita mbili huinua boya la swichi inayoiwasha pampu yenyewe, pampu huwaka, huyatoa, yanarudi, inawaka tena usiku kucha hadi betri iishe. Tiba ni mpira mfupi, au kuinua swichi ya boya kidogo. Na kwa vyovyote kitako chake kiwe sentimita 1 au 2 juu ya kitako cha pampu, lisije likaiacha pampu ikizunguka kwenye hewa bila kuzima. Bawaba ya boya ielekee omo, ili maji yanayokimbia boti ikipiga mawimbi yasilivunje.

Umeme nitauzungumzia polepole, kwa kuwa pampu nyingi zinazotupwa hazina kosa. Kosa ni la waya. Chukueni pampu inayokula ampea 5, iliyo mita 5 kutoka betri. Urefu wa kwenda na kurudi ni mita 10. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza volti 0.57, karibu asilimia 5. Wa 2.5 hupoteza 0.34, chini kidogo ya asilimia 3, na hapo ndipo mpaka wetu. Pampu ya ampea 10 kwa umbali huohuo inataka milimita za mraba 6. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu hugeuka kijani hadi ndani ya ganda lake. Viungo viwe vya kubana kwa koleo maalumu, vyenye mpira wa kusinyaa kwa joto na gundi ndani, na viwekwe juu kuliko maji yanavyoweza kufika. Kusokota waya na kuzungushia utepe mweusi ni kazi ya wiki chache. Tena waya chanya ukivuja umeme ndani ya maji ya ngama, hula vyuma vya boti kwa kasi ya kutisha.

Swichi ya boya ipate umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, isipitie swichi kuu, maana boti huzama zikiwa zimefungwa gatini bila mtu. Swichi ya mkono iwe sambamba, karibu na usukani. Fyuzi iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa pampu. Watu huongeza ukubwa wake ili isikatike ovyo. Impela ikikwama, mota huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, fyuzi kubwa haikatiki, na mota hupika hadi ganda lishike moto. Kwenye chumba chenye injini ya petroli, pampu na swichi ziwe za aina isiyotoa cheche.

Betri nayo ina mwisho. Ya saa-ampea 100, ukitumia nusu yake, itaendesha pampu ya ampea 5 kwa saa 10. Baada ya hapo ni pampu ya mkono, ifungwe pale nahodha anapoifikia bila kuacha usukani, na mpini wake ufungwe kwa kamba. Ndoo ibaki botini pia.

Kila mwezi jaribuni hivi. Mimina lita 40 za maji safi, ukiwa na saa mkononi. Boya liwashe lenyewe, usiliinue kwa kidole. Pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa itayamaliza kwa sekunde 72, ukiacha yale machache ya chini. Andika muda huo ukutani mwa ngama kwa kalamu isiyofutika. Ukifika 100, anza na kichujio, kisha pima volti kwenye viungo vya pampu ikiwa inazunguka, ndipo ufikirie kununua nyingine. Na kama kwenye ngama kuna mafuta, yafyonze kwanza kwa matambara maalumu. Yasipitie pampu kwenda baharini.

Ahsanteni. Aliyeleta pampu yake aisogeze mbele tuifungue.