Mlango wa Kabini Haupimwi Mchangani

Wazee wangu, shikamooni. Manahodha na mafundi wenzangu, habari za asubuhi.

Mmeniita nizungumzie mlango wa kabini uliovunjika na namna ya kuweka mpya. Nianze na upepo, kwa sababu ndio unaoujaribu mlango. Boti zetu nyingi hapa Mtwara mlango wake unatazama tezi, yaani nyuma ya chombo. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ukitoka hapa kwenda Lindi au Kilwa, upepo na mawimbi vinakufuata mgongoni. Wimbi likipanda tezi, linakutana na mlango. Ukiachia, maji yanashuka mpaka ngama, chini kabisa ndani ya chombo, chombo kinakuwa kizito, na wimbi la pili hakiliinukii tena. Jamani, huu si mlango wa chumbani!

Mlango wa zamani usitupwe. Uchunguzeni ulipofia. Ukioza chini, ncha za mbao hazikuzibwa, zikanywa maji. Bawaba zikikatika, tazameni skrubu: bawaba ya shaba nyeupe na skrubu ya chuma havikai pamoja kwenye maji ya chumvi, chuma kitaliwa. Na hiyo shaba nyeupe nayo hupoteza zinki yake baharini, ikawa nyekundu na kukatika. Tafuteni stenlesi namba 316, chuma kinachostahimili kutu ya baharini, bawaba na skrubu zote.

Sasa vipimo, na hapa naomba mnisikilize sana. Fundi huitwa maji yakiwa yamekupwa, boti imelala ubavu mchangani. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa kwetu maji yanakimbia mbali, unazunguka chombo kwa miguu, kazi inaonekana rahisi. Lakini boti iliyolala imejipinda, na fremu ya mlango imepinda nayo. Ukipima hapo, ikielea mlango utakwama, au utaacha upenyo. Pima ikiwa inaelea, na mzigo wake wa kawaida umo ndani. Pima upana juu, katikati na chini. Kisha pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana, fremu haiko skwea, yaani kona zake hazijanyooka sawasawa, na mlango uliokatwa skwea hautaingia. Kata kwanza boksi gumu, lijaribu kwenye fremu, ndipo uguse mbao. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande, rangi ikiwa imeshapakwa.

Mbao mimi nachagua mninga, kwa kuwa hauvimbi sana wala kusinyaa sana. Anayetaka plaiwudi achemshe kipande kwanza; tabaka zikiachana, hiyo si ya baharini. Kingo zote zinyweshwe epoksi, gundi inayozuia maji, pamoja na matundu ya skrubu. Kwenye bawaba mimi napenda bolti zinazopenya hadi upande wa pili, zenye washa pana, kuliko skrubu.

Mlango ufungukie nje, ili wimbi liusukume kwenye fremu badala ya kulisukuma komeo. Ila msirundike nyavu wala magunia mbele yake, maana aliye ndani atashindwa kutoka. Kizingiti kiwe kirefu, hata kama mtalalamika kukiruka.

Na komeo, ndugu zangu, lifunguke pande zote mbili. Boti zenye kitasa cha nje tu bado zipo, na vijana wanalala humo. Kabla hujamlipa fundi, ingia ndani, jifungie, zima taa, kisha fungua kwa mkono mmoja. Ikishindikana, arudi kazini.