Pole kwa Kuuguza: Lugha ya Mtihani wa Vituo

(Mhadhara kwa wakufunzi na wanafunzi wa afya, Tanga)

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuvumilia.

Mtihani wa vituo, huu tunaouita oski (OSCE kwa Kiingereza), ulianzia Dundee, Uskoti. Ronald Harden, mwalimu wa udaktari huko, na wenzake waliandika kuuhusu mwaka 1975. Kabla yake bahati ilikuwa na nguvu mno: huyu kapangiwa mgonjwa mwepesi, yule kapangiwa aliyewashinda madaktari. Harden akaukata mtihani vipande. Kengele ikilia unaingia kituoni, ikilia tena unahama, na karatasi ya alama ni moja kwa wote. Hiyo ni haki, nami naitetea.

Ninachokipinga ni lugha tunayoitumia. Niliwahi kusimamia kituo cha kuchukua historia ya mgonjwa, chuo sikitaji. Mama aliyefundishwa kuigiza kampakata mwanasesere. Mwanafunzi anauliza kwa Kiingereza, mama anajibu kwa Kiingereza alichokaririshwa, na alama zinajaa. Niliumia. Mama yupi wa Pongwe au Mkinga atakuja hospitali ya Bombo na Kiingereza kile? Atasema, "Mwanangu usiku kapata degedege." Na akisema degedege, huenda mtoto ameshafikishwa kwa mganga, ameshafukizwa, na saa zimepita huku malaria kali au homa ya uti wa mgongo ikiendelea. Kumuuliza hayo bila kumfokea, mpaka aseme kweli, ni ujuzi wa tiba sawasawa na kutafuta mshipa. Karatasi yetu haikuwa na alama yake. Hata "shikamoo mama, pole kwa kuuguza" haikuwa na alama.

George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alipanga ngazi nne za ujuzi: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Oski inapima ile ya tatu. Sasa anachokionyesha kijana kwa Kiingereza sicho atakachokitenda wodini kwa Kiswahili, ngazi zimeachana.

Faili libaki Kiingereza, sina ugomvi. Asikilize kwa Kiswahili, aandike kwa Kiingereza, nasi tupime yote mawili. Waigizaji wafundishwe vizuri, maana mmoja akisema degedege na mwenzake akasema "kashtuka", haki ya Harden imeharibika.

Kesho asubuhi tunakiandika upya kituo hicho. Wauguzi wa wodi ya watoto, nawaomba mje na maneno mnayoyasikia kwa akina mama, hata yale tunayoona haya kuyaandika.