Atomaiza ya kwanza ya kujenga mwenyewe: kuichagua, kufunga koili na kutia pamba

Asalaam alaykum jamani, karibuni, leo tupo barazani kwetu Mwembetanga, hapa Unguja, isha imeshasaliwa, taa nimeivuta karibu na simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa hiyo ikiyumba mnistahamilie. Wengi mmeniuliza nianze na atomaiza gani, yaani kile kichwa cha sigara ya umeme kinachogeuza juisi kuwa mvuke, nikitaka kufunga mwenyewe koili, ule waya wa kusokota unaopata moto ndani yake, badala ya kununua zile za kutupa, haya leo nakuonesheni mwanzo mpaka mwisho.

Kabla sijafungua kitu, video hii ni ya mtu mzima ambaye keshazoea sigara au anavepu tayari, yaani anavuta sigara ya umeme. Kama huvuti, usianze kwa sababu yangu, nikotini ukishaizoea kuiacha ni shughuli. Na kama una watoto nyumbani basi kichupa cha juisi, yale maji ya kuvepu yenye nikotini, kieke juu kabisa ukifungie, nikotini ni sumu na ile harufu ya embe au stroberi mtoto ataiona pipi.

Tuje kwenye kuchagua. Ziko aina mbili utakazokutana nazo kwanza, RDA, hii haina tanki, unadondoshea juisi juu ya pamba kila baada ya mivuto michache, na RTA, hii ina tanki lake la kioo linaloilisha pamba lenyewe. Watu wengi wanakimbilia RTA kwa sababu huna haja ya kudondosha kila saa, na mimi nakwambia anza na RDA, tena ya koili moja. Sababu ni pamba. Kwenye RTA ukikosea pamba kidogo tu juisi inavuja mpaka mfukoni au haipandi na koo inaungua, na hujui kosa liko wapi kwa sababu kila kitu kimefichwa ndani. RDA unafungua kofia, unatizama, unaona. Mwezi mmoja wa RDA utakufundisha pamba, halafu nenda kwenye RTA ukitaka.

Ukiwa dukani, iwe Darajani au Mlandege au unaagizia mtu Dar, mwambie akufungulie uione ndani. Tizama skrubu, zizungushe kwa bisibisi, kama zinakwama au kichwa kimeanza kulika iache. Mimi ya kwanza kuinunua ilikuwa ya koili mbili, skrubu laini kama risasi, siku ya tatu moja ikalika kichwa haifunguki tena na pesa imekwenda. Tizama pia nafasi ya kupitisha waya iwe wazi, na tundu za hewa uweze kuzipunguza, maana ukitoka kwenye sigara utataka mvuto wa kubana.

Na unaifunga juu ya mashine gani? Mashine yenye kioo, inayokuonesha omu, yaani ukinzani wa koili, na inayokataa kuwaka ikiona shoti. Yale mabomba ya chuma yasiyo na saketi ndani, yanayopeleka betri moja kwa moja kwenye koili, yaache kabisa kwa sasa. Hesabu yake ndogo tu, volti unagawa kwa omu unapata ampia. Betri iliyojaa ina volti 4.2, koili ya omu 0.8 inavuta ampia 5 na kidogo, salama. Sasa koili ikigusa chuma ikawa omu 0.1, hizo ni ampia 42, na betri nyingi nzuri za 18650, zile za duara za kuchaji, zinabeba 20 mpaka 25. Kwenye bomba hakuna wa kuizuia, betri inachemka na inaweza kupasuka mkononi au usoni.

Haya, vitu vya mezani. Waya wa Kanthal geji 26, yaani milimita 0.4, bisibisi yake ndogo, kibano, mkasi wa kucha wa kukatia waya, mkasi wa kawaida wa pamba, na kitu cha duara cha milimita 3, mimi natumia biti ya drili. Ukiuziwa waya wa nikeli au titani usiuchukue, ule unataka mashine ya kupima joto.

Kwanza ioshe. Atomaiza mpya ina mafuta ya kiwandani, ifungue yote, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke kabisa. Watu wanaruka hapa halafu wanalalamika ladha ya chuma.

Sasa koili. Kata waya kama sentimita 12, shika ncha moja na biti kwa dole gumba, zungusha mara sita, vuta waya huku unazungusha ili kila mzunguko ulale kando ya mwenzake. Usiharakishe, ukiona umeachana toa uanze tena, waya rahisi. Usitoe biti bado, ingiza miguu miwili, yaani ncha mbili za waya, kwenye nguzo zenye skrubu, moja chanya moja hasi, kaza skrubu mpaka ishike halafu ongeza kidogo tu, ukilazimisha unakata waya. Kwa biti ileile inyanyue koili ikae katikati, mkabala na tundu la hewa, isiguse sahani ya chini wala isije kugusa kofia. Miguu iliyozidi kata hapohapo kwenye nguzo, kisije kipande kikachomoza kikagusa ukuta.

Bila pamba, ifunge kwenye mashine usome omu. Mizunguko sita, milimita 3, geji 26, itakuja kwenye 0.8 na kitu. Mnaona hapa, 0.84. Ikija 0.2 usibonyeze, kuna mguu umegusa mahali. Ikiwa inarukaruka, mara 0.8 mara 1.3, skrubu haijakaza. Ukitaka kupima kwa mita ya fundi umeme, kwanza gusanisha ncha zake mbili usome, hiyo namba uitoe kwenye jibu, maana mita za kawaida zinaongeza omu za waya zake na kwenye namba ndogo hivi inakudanganya.

Namba ikiwa sawa eka wati 10, bonyeza kidogo achia, kidogo achia. Zimeni taa muone. Inatakiwa iwake kuanzia katikati kwenda pembeni. Hapa pangu pembeni ndio pamewaka kwanza, maana yake mizunguko haijagusana vizuri, naachia, naibana taratibu kwa kibano, narudia. Kibano cha chuma usikitumie huku umebonyeza, hiyo shoti. Sasa tizama, katikati, safi.

Hapa kwenye pamba nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanaposhindwa wakasema kitu chenyewe kibovu. Tumia pamba ya nyuzi ndefu isiyotiwa dawa. Ya hospitali, dharura tu, na uhakikishe ni pamba tupu isiyochanganywa na nailoni. Kuna kijana wa Bububu aliniambia alitoa sufi kwenye mto akatia, nikamwambia yakhe sufi haishiki maji, ndio maana watu walikuwa wakiijaza kwenye maboya, juisi haiwezi kupanda, utakuwa unavuta sufi inayoungua.

Sokota ncha iwe nyembamba, pitisha ndani ya koili, vuta. Unatakiwa usikie inagoma kidogo, koili inataka kufuata lakini haipindi. Ikipita bila kugoma ni kidogo, itaungua kwenye kuta. Ikiibeba koili ni nyingi, juisi haipiti. Kata pande zote mbili ziwe urefu wa kufika chini ya sahani tu, halafu ncha zichambue kwa kibano zifunguke, zilaze kwenye vishimo bila kuzishindilia. Watu wanashindilia kama wanajaza godoro! Pamba ikibanwa hainyonyi. Na sisi huku hewa ina unyevu na chumvi, pamba yako itie kwenye mtungi unaofunga, na kile kipini cha chini kinachogusana na mashine kifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, kikianza ukungu wa kijani omu zinaanza kuruka.

Dondosha juisi mpaka pamba iwe nzito, juu ya koili na kwenye ncha, subiri dakika mbili. Wati 15, vuta taratibu. Ukitaka joto zaidi panda mpaka 20, geji hii haihitaji zaidi. Siku utakapohisi ukavu acha hapohapo, usilazimishe mvuto mwingine.

Halafu hili nalisema kwa watu wetu hasa wa Pemba, mafuta ya karafuu msitie. Nimeshaulizwa mara nyingi, yale yanayotoka kiwanda cha makonyo Wawi, kwamba tone moja tu kwa harufu. Hapana. Mafuta ni ya kuchua na ya jino, mapafuni mafuta hayana njia ya kutokea, yanaweza kukuletea maradhi ya mapafu, na tanki la plastiki lenyewe karafuu inalipasua. Mafuta ya nazi vilevile, mdalasini wa mafuta vilevile. Nunua juisi iliyotengenezwa kwa kuvepu, basi.

Betri ya akiba isitembee mfukoni na funguo au sarafu, ina kikasha chake cha plastiki cha bei ndogo. Ile nguo yake ya nje ikichanika hata kidogo usiitumie. Na usichaji ukalala, umeme wetu mnaujua unavyokwenda na kurudi.

Juisi ikianza kuwa na ladha ya kuungua au pamba ikawa nyeusi, koili haitupwi. Toa pamba, acha kavu, bonyeza kidogokidogo kwa wati 10 mpaka uchafu uungue, iache ipoe, ipitishe kwenye maji, ikauke, soma omu tena, tia pamba mpya. Hii ya kwangu mnayoiona nimeshaibadilishia pamba mara nyingi na bado inasoma 0.84.