Nani Yuko Karibu na Mwanafunzi? Mhadhara kuhusu Elimu ya Juu kwa Njia ya Mtandao

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wakazi wa Dodoma mlioziacha shughuli zenu za jioni ili kuja kusikiliza mambo ya vyuo, shikamooni wakubwa zangu, na nyote nawashukuru.

Nimeombwa nizungumzie kukua kwa elimu ya juu kwa njia ya mtandao na athari zake kwa vyuo vyetu. Mada hii huzungumzwa mno kwa lugha ya ahadi. Mimi ningependa kuizungumza kwa hesabu na kwa kumbukumbu, kwa sababu Tanzania si mgeni katika kazi ya kumfundisha mtu aliye mbali na darasa. Hoja yangu ni moja, na ninaitaja mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa swali lake: mwanafunzi wa mbali humaliza masomo pale anapokuwa na mtu wa karibu ambaye kazi yake ni kumfuatilia, na chombo kinachompelekea somo, kiwe redio, posta au intaneti, kina uzito mdogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Tuanze na mwaka 1973. Wazee waliomo humu ukumbini wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa redioni, vikazungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Hiyo ndiyo sehemu ya kampeni inayosimuliwa mara nyingi. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba watu hawa hawakuachwa kila mmoja na redio yake, kwanza kwa sababu wengi hawakuwa nayo. Walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kipindi kilipokwisha walijadiliana nini kifanyike pale kijijini kwao: choo kichimbwe wapi, majani yafyekwe lini, dimbwi lile lifukiwe na nani. Wiki iliyofuata kiongozi aliuliza kama lile lililoamuliwa limefanyika. Bila swali hilo la wiki iliyofuata, vipindi vile vingesikilizwa kama taarifa ya habari, kisha watu wakaendelea na mambo yao.

Miaka ishirini baadaye tukaanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Duniani hatukuwa wa kwanza, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa ikifundisha kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) tangu mwaka 1946, na Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilipokea wanafunzi wake mwaka 1971. Lakini waasisi wa chuo chetu walifanya jambo la busara, nalo ni kuweka vituo mikoani, kikiwamo cha hapa Dodoma, ambako mwanafunzi angechukua vitabu vyake, kukutana na mwalimu ana kwa ana kwa vipindi maalumu, na kufanya mtihani mbele ya msimamizi. Hata pale posta ilipochelewa, palikuwa na mlango wa kugonga.

Kisha ikaja intaneti, na pamoja nayo matumaini makubwa kuliko uzoefu. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuwa kitaweka maudhui ya masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2011 maprofesa wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kozi yao ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa yeyote aliyetaka, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata zikazaliwa Udacity, Coursera na edX, yaani majukwaa ya kutolea kozi za namna hiyo mtandaoni. Magazeti ya huko yaliandika kana kwamba majengo ya vyuo yangegeuzwa makumbusho.

Sasa tutazame hesabu. Kozi ya kwanza iliyotolewa na MIT kwa utaratibu huo, mwaka 2012, iliandikisha watu karibu 155,000, na waliofaulu hadi kupata cheti walikuwa 7,157. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliochambua kozi za MIT na Harvard kwenye edX, ulionyesha kuwa katika mwaka wa 2017 hadi 2018 waliomaliza kozi walikuwa asilimia 3.13 ya wote walioshiriki, na kwamba washiriki walio wengi walitoka katika nchi tajiri. Ni haki kuongeza kwamba si kila anayejiandikisha bure ana nia ya kumaliza. Hata mimi nimejiandikisha kozi kadhaa ambazo sidhani kama nitazifungua tena. Lakini mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, huko California, kilishirikiana na Udacity kuwafundisha mtandaoni wanafunzi waliohitaji kuimarishwa katika hisabati, wakiwamo waliokuwa wameshindwa somo hilo hapo awali. Hao walikuwa na kila sababu ya kutaka kumaliza. Wengi walifeli, na majaribio yakasitishwa mwaka huohuo.

Upande wa pili, Georgia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, ilianza mwaka 2014 kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa ada isiyofika dola 7,000 kwa programu nzima, na programu hiyo imestawi. Wanaosoma pale wengi wao ni watu wazima wenye kazi na shahada ya kwanza, na chuo kimeajiri wasaidizi wengi wa ufundishaji wanaojibu maswali na kusahihisha kazi. Naomba tuziweke habari hizi mbili pamoja. Somo la mtandaoni humfaa haraka yule ambaye tayari anajua kujisomea, tena pale ambapo chuo kimegharimia watu wa kumjibu. Anayehitaji kushikwa mkono ndiye anayepotea, na hapotei kwa kelele. Huacha tu kuingia kwenye mfumo.

Hapa kwetu mambo yalichukua njia yake. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na tarehe 1 Juni vikafunguliwa. Katika nchi nyingi wahadhiri walilazimika kufundisha mtandaoni kwa mwaka mzima na zaidi, wakalalamika, wakakosea, wakajifunza. Sisi tulirudi madarasani kabla ya miezi mitatu kutimia. Sibishani na uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba zoezi lile hatukulifanya. Matokeo yake ni kuwa mifumo ya ujifunzaji tunayoitumia, mingi ikiwa imejengwa juu ya Moodle, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, imebaki kuwa ghala la madesa. Mhadhiri anapandisha slaidi mwanzoni mwa muhula, mwanafunzi anazishusha siku mbili kabla ya mtihani, na katika ripoti tunaandika kwamba kozi imefundishwa kwa njia ya mtandao.

Wakati huohuo fedha zimekuja. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kama HEET, unatekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na miundombinu ya TEHAMA ni sehemu yake. Ni jambo jema. Ila fedha za mradi zina tabia ya kupenda vitu vinavyoweza kuzinduliwa kwa kukata utepe, na msaidizi wa kufuatilia wanafunzi thelathini wa Kondoa hakatiwi utepe.

Mwanafunzi ninayemfikiria mimi si kijana aliyetoka kidato cha sita akapangiwa bweni hapa Dodoma. Huyo ana maktaba, ana wenzake, ana mhadhiri wa kumvizia mlangoni. Ninamfikiria mwalimu wa shule ya msingi huko Chemba mwenye stashahada anayetaka shahada, mtabibu wa kituo cha afya kule Itigi, mtendaji wa kata katika wilaya ya Mpwapwa. Ana kazi, ana familia, na mvua zikianza Desemba ana shamba. Kama ni mama, zote hizo zipo na jikoni linamsubiri. Hawezi kuacha yote hayo miaka mitatu aje kupanga chumba mjini. Kwake yeye masomo ya mtandaoni ndiyo chuo pekee anachoweza kukifikia, na kwa hiyo tunapoyatengeneza vibaya tunamfungia mlango wa pekee alio nao.

Huyu anasoma kwa simu, na kwa bando analolinunua mwenyewe. Hesabu yake ni nyepesi kuifanya, ingawa ni nadra kuiona katika mipango yetu. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takribani megabaiti 450 kwa saa. Mhadhara uleule ukiwa sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hula megabaiti 29 hivi. Maelezo yake yakiandikwa vizuri, kurasa ishirini zinaweza kutosha ndani ya megabaiti 1 au 2. Somo la vipindi thelathini kwa video linamgharimu mwanafunzi gigabaiti kumi na tatu na zaidi. Kwa sauti na maandishi halifiki gigabaiti 1. Kwa masomo mengi ya ualimu, sheria, mipango na utawala, sioni kitu ambacho uso wa mhadhiri unaongeza kiasi cha kustahili tofauti hiyo. Anayefundisha upasuaji au michoro ya uhandisi ana haki ya kunipinga.

Tena tusisahau Mei 12, 2024, siku ambayo nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote, nasi tukiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Aliyekuwa ameshapakua masomo yake aliendelea kusoma, na aliyetegemea kutazama moja kwa moja alikaa. Tuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na umesaidia sana, lakini hauondoi ukweli kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita mtandao inapita chini ya bahari ya watu wengine.

Kuhusu mitihani nitasema machache. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, insha ya nyumbani imepoteza uwezo wake wa kuthibitisha nani amejua nini. Baadhi ya vyuo duniani vinanunua programu za kumchungulia mtahiniwa kupitia kamera ya kompyuta yake. Kwa mwanafunzi wa Chemba mwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hilo ni suala la kuchekesha. Njia ya vituo vya mikoa, mtu na kitambulisho chake mbele ya msimamizi, bado ina kazi, na kuongezewa mahojiano ya ana kwa ana ya dakika kumi kungefichua mengi.

Narudi kwenye pendekezo, ambalo mnaweza kulikisia. Vyuo vilivyopo hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara na kituo cha Chuo Kikuu Huria, vinaweza kuwa na wanafunzi wa masafa katika kata zilezile bila kujuana. Navishauri vianzishe kwa pamoja vikundi vya kujisomea. Kikundi kikutane Jumamosi mchana katika shule ya sekondari ya kata, ambayo siku hiyo vyumba vyake viko wazi. Kiwe na kiongozi mwenye shahada anayeishi palepale, anayelipwa posho, na ambaye kazi yake si kufundisha upya. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtu amepakua somo la wiki, kuendesha majadiliano, kukusanya maswali yaliyoshindikana na kuyapeleka kwa mhadhiri, na kumpigia simu asiyeonekana. Mwanafunzi wa sheria na wa mipango wanaweza kukaa kikundi kimoja. Hawasomi kitu kimoja, lakini wote wawili wanahitaji kuulizwa wiki hii wamefika wapi.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu mmoja kwamba huko ni kuirudisha elimu ya juu kwenye ngumbaru. Nilimjibu kwamba madarasa ya ngumbaru yaliwafundisha kusoma watu ambao hakuna aliyetegemea wangesoma, na kama shahada zetu zingekuwa na rekodi ya namna hiyo tungetembea kifua mbele. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha: nani atalipa posho? Ada ya mwanafunzi wa masafa tayari ina sehemu ya kulipia huduma ambazo hazitumii, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kutafuta mfadhili. Wahadhiri nao itabidi wakubali kuwa kujibu maswali ya vikundi ni kazi inayohesabiwa katika mzigo wao wa ufundishaji, jambo ambalo kwa taratibu za sasa za kupandishana vyeo halimsaidii mtu yeyote.

Si lazima kuanza mkoa mzima. Ningeanza na shahada moja, ya ualimu, katika wilaya mbili, tuseme Chemba na Mpwapwa, kwa mwaka mmoja wa masomo, nikiacha wilaya ya tatu iendelee kama ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Mwishoni ningetaka kujua kitu kimoja kabla ya alama na kabla ya dodoso za kuridhika: kati ya waliosajiliwa Novemba, wangapi bado wanasoma Juni, na katika wilaya ipi.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mikono ya maswali imeshainuka kule nyuma.