Mshale wa Pili

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, vijana. Nimeombwa nizungumzie hekima tunayoweza kuivuna leo katika fasihi na sanaa za zamani za Ulaya. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitaishia Venisi, na naona wawili pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitalirudia hili mpaka watu waache kutia saini wasichokisoma.

Mchezo wenyewe wa kuigiza mnaujua, wengine kwa Kiingereza cha Shakespeare, wengine kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, *Mabepari wa Venisi*. Ukimuuliza mtu anakumbuka nini, atakwambia ratili ya nyama, kisu, mahakama, na Portia aliyevaa kiume akajifanya mwanasheria. Mimi mahakama siitaki. Ukifika mahakamani umeshachelewa. Mimi nawapeleka mwanzo kabisa, Bassanio anapokuja kwa rafiki yake Antonio kuomba hela.

Bassanio ni mkweli, hilo tumpe. Anakiri kwamba mali yake ameimaliza kwa kuishi maisha makubwa kuliko kipato. Anakiri kwamba katika wote wanaomdai, anayemdai zaidi ni huyohuyo Antonio. Halafu anaomba tena! Na anaombaje? Anasimulia utoto. Anasema: nilipokuwa shule, mshale ukinipotea, nilirusha mwingine wa aina ileile, upande uleule, nikiufuatilia kwa macho vizuri zaidi, na mara nyingi niliipata yote miwili. Kwa hiyo, rafiki yangu, rusha wa pili.

Hapo ndipo pa kuweka alama kwa kalamu. Kijana mkeka wake wa kubeti umechanika Jumamosi, Jumapili anaweka mara mbili ili airudishe hela yake. Mama wa genge amekopa laki moja kwenye simu, siku ya marejesho imefika, anafungua programu nyingine akope ya kulipia ile ya kwanza. Mshale wa pili huo. Na wa tatu uko njiani. Shakespeare aliyaandika haya miaka ya 1590, na angalieni Antonio anavyojibu: hahoji hata kidogo. Anasema unanipotezea muda, niambie tu nifanye nini. Hela mkononi hana, mali yake iko baharini, kwa hiyo anaikopa kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, na kutia saini hati kwamba asipolipa kwa wakati atakatwa ratili ya nyama mwilini mwake.

Mimi nimewahi kuwa Antonio. (Kicheko) Mwenzangu kazini alinijia saa ya chai na fomu ya udhamini. Akasema, "Mwalimu, ni utaratibu tu." Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaiweka fomu juu ya rundo, nikatia saini kwa kalamu nyekundu iliyokuwa mkononi. Kesho yake fomu ikarudi: wanataka wino wa bluu. Mnaona? Mungu alinipa nafasi ya pili ya kuisoma ile karatasi. Nikatafuta kalamu ya bluu, nikatia saini tena, macho yangu yako kwenye andazi. Mwenzangu akaja kuacha kazi, akaondoka mjini, na mimi nikakatwa mshahara miezi 14. Aliyegundua ni mke wangu, alipoiona hati ya mshahara. Kipengele cha sita kilieleza kila kitu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Kwa hiyo nisomapo Shylock anasema sharti la ratili ya nyama ni mzaha tu, mimi nasikia "utaratibu tu". Nanyi mnasikia nini mnapobonyeza "Nimekubali vigezo na masharti"? Bassanio mwenyewe, mwenye shida yake, anamwambia Antonio usitie saini! Antonio anajibu: usiogope, hizi dukati 3,000, sarafu za dhahabu, ni za miezi mitatu, meli zangu zinarudi mwezi mzima kabla. Meli zangu zinarudi. Sisi tunasema: kuna hela naisubiria mahali.

Kuna mtu hapa anajiuliza kwa nini mzee huyu atupeleke kwa Wazungu wakati tuna "kukopa harusi, kulipa matanga". Methali hiyo niliijua siku ile natia saini. Naijua tangu utotoni. Haikunizuia, kwa sababu inaniambia mwisho tu, na mimi nilikuwa mwanzoni, nakula andazi. Mchezo unamwonesha mtu akienda kwenye shimo huku anatania na marafiki. Na mjue Nyerere alikuwa rais, ana nchi ya kuendesha, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa Kiingereza jina lina mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika *mabepari*, wingi. Wingi ule unamkamata hata Antonio mwema.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi: mchezo unamtukana Myahudi. Ni kweli, na tusilifunike. Antonio anamtemea mate Shylock, kisha anakwenda kumkopa. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290. Venisi iliwafungia kwenye mtaa wao tangu mwaka 1516, kazi nyingi wakanyimwa, kukopesha wakaachiwa, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Na babake Shakespeare mwenyewe, Mkristo, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kutoza riba. Riba haina kabila.

Nirudi kwenye damu. Portia anashinda kesi kwa neno moja: hati imetaja nyama, haikutaja damu. Mikopo yetu ya mtaani watu wameibatiza *kausha damu*, na hawakumsoma Portia. Wakopeshaji wa leo ndio waliomsoma, maana sasa damu nayo imeandikwa. Umeiruhusu programu ione majina yote kwenye simu yako, umechelewa siku mbili, mkweo anapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Mchoraji Holbein na fuvu lake basi, Don Quixote wa riwaya ya Kihispania naye tutamwacha juu ya punda... farasi, samahani, punda ni wa mtumishi wake Sancho. (Kicheko) Picha moja tu, ya mchoraji Quentin Massys, mwaka 1514, iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Mume anapima sarafu kwa mizani ndogo. Mkewe ana kitabu cha sala mbele yake, picha ya Bikira Maria inaonekana, vidole vinafungua ukurasa. Macho yako kwenye sarafu. Basi, itazameni mkifika nyumbani, mimi nimeshaitazama sana.

Ah, mtu ananiuliza hapa mbele, meli zilirudi? Zilirudi, tatu, mwishoni kabisa, Portia anatoa barua na anakataa kusema ameipataje. Hata mwandishi aliona haya. Ya mwenzangu mpaka leo haijatia nanga. Haya, maswali.