Kupasha na Kupampu Shira Nzito ya Kulishia Nyuki

Shira ikigoma kupita kwenye mpira, usikimbilie kununua pampu kubwa. Mara nyingi pampu haina kosa. Shira ndiyo baridi.

Kipimo kwanza: kilo 20 za sukari nyeupe, lita 10 za maji. Utapata lita 22 na kidogo. Sukari guru na ya kahawia ziache, huwaharisha nyuki.

Chemsha maji peke yake, zima moto, ndipo umimine sukari huku ukikoroga mpaka uone chini ya sufuria. Usiirudishe motoni ichemke. Wako wanaokamulia ndimu eti isigande. Nasi tunasema acha kabisa, kwa sababu asidi na moto vikikutana na sukari huzalisha HMF, kemikali inayotokea sukari inapoharibika, na hiyo ni sumu kwa nyuki.

Sasa tazama mwiko huu. Shira ya nyuzijoto 20 inashuka kama kamba, polepole. Hii ya nyuzi 40 inashuka kama uzi na haikawii. Ni shira ileile. Tena kwenye nyuzi 20 maji yameshabeba karibu sukari yote yanayoiweza. Ikipoa zaidi, chembe zinatua chini ya tangi na kuziba chujio.

Kuipasha upya, usizamishe hita ndani ya shira: sukari inayogusa koili itaungua kabla ya iliyo pembeni kupata joto. Weka tangi ndani ya maji ya moto, koroga, kipimajoto kikae kwenye shira. Nyuzi 40 hadi 45 zinatosha.

Tunatumia pampu ya gia, ambayo meno ya gia ndiyo yanayosukuma shira. Ikae chini kuliko tangi, shira iiteremkie yenyewe. Upande wa kuvuta ndiko kwenye matatizo: mpira uwe mfupi, wenye kipenyo kisichopungua inchi 1, mpana kuliko wa kutolea, na wenye waya ndani usije ukabonyea. Chujio liwe pana, la matundu makubwa. Sikiliza... huo mlio wa kokoto maana yake pampu inakosa shira. Izime, angalia chujio, pima joto.

Jambo moja la hatari. Pampu ya gia haijui kusubiri. Ukifunga valvu ya mbele inapozunguka, mpira utafyatuka au mota itaungua. Ndiyo maana tumefunga hili bomba la pembeni lenye valvu ya usalama: mbele pakizibwa, shira inarudi tangini.

Lisha jioni, shira ikiwa vuguvugu, na usimwage hata tone nje. Nyuki wa mizinga mingine watakuja kuiba. Tia vijiti vya kuelea kwenye chombo wasizame.

Ukimaliza, pitisha maji ya moto kwenye pampu na mipira yote usiku huohuo. Ukiacha hadi asubuhi, utakuta gia zimegandana na mota inanguruma tu bila kuzunguka.