Dawa Uliyoandikiwa Imo Kwenye NHIF? Hakiki Kabla Hujatoka Hospitali

Haya, karibuni. Leo tunaongelea NHIF ya Tanzania, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ndugu zetu wa Kenya, SHA, bima yenu ya afya, ina taratibu zake, msije mkatuchanganyia kwenye maoni.

Shika kadi na cheti cha daktari. Kadi iwe hai; hilo mnalijua, twende.

Tafuta jina la kitaalamu la dawa, maana orodha haikupangwa kwa majina ya kibiashara. Mtu anatafuta Norvasc, haioni, anakata tamaa, kumbe atafute amlodipine. Geuza boksi, soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Subirini, taa inang'aa kwenye boksi... hapo sasa. Amlodipine, 5 mg, vidonge. Andika vyote vitatu: jina, nguvu, aina.

Vitatu, jamani! Watu wanaandika jina tu. Metformin ya kawaida na ile inayoyeyuka taratibu, yenye SR au XR kwenye boksi, zihesabu kama dawa mbili. Losartan peke yake na losartan iliyochanganywa na hydrochlorothiazide, nazo mbili. Kuikuta moja hakukuhakikishii nyingine. Kabla hujashangilia, rudi usome nguvu na aina.

Sasa fungua orodha ya kitita cha mafao, yaani huduma na dawa ambazo NHIF inazilipia. Kitita kipya kilianza kutumika tarehe 1 Machi 2024, ila mafaili ya kabla ya hapo bado yanazunguka WhatsApp. Angalia tarehe, na kama kuna marekebisho ya baadaye. Kwenye kutafuta, andika herufi chache za mwanzo, "amlodi" inatosha, ukikosea mwishoni haikuathiri. Kila unachoandika hakionekani? Huenda faili limeskaniwa, ni picha tupu. Shuka kwa kidole.

Imeonekana? Bado. Angalia ngazi ya kituo. Kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D rufaa ya mkoa, S huduma za kibingwa. Dawa ya ngazi ya D ikiandikwa zahanati, kituo kinaweza kukataliwa madai, ndiyo maana mfamasia anasita. Hakuonei. Nyingine, hasa za gharama kubwa kama za saratani, zinataka kibali cha Mfuko kwanza. Muulize daktari ungali chumbani kwake. Ukishafika dirishani utarudishwa foleni, na foleni hizo mnazijua.

Dirishani ukiambiwa "haipo", usiondoke. Uliza: imeisha stoo, au haimo kwenye bima? Kama haimo, mrudie daktari, pengine kuna mbadala uliomo. Kama imeisha, omba fomu 2C, ukachukulie kwenye duka la dawa lenye mkataba na NHIF.

Kamera sogea hapa kwenye fomu, huku ndiko wanakorudishwa wengi. Jina na namba ya kadi vifanane na kadi yenyewe. Dawa, nguvu, idadi. Saini ya daktari. Muhuri wa kituo, na usomeke! Muhuri uliofifia, gonga tena. Kagua ukiwa bado hospitali, muhuri hauko dukani.

Kabla ya kupanda bodaboda, pigia duka uwatajie vile vitatu, uulize wanayo na kama mkataba wao bado unaendelea. Wakisema "ipo ya 10 mg, utakata katikati", rudi kwa daktari kwanza.